Msitukataze Kuanguka Nyumbani

Ipo sentensi ambayo walimu wa michezo ya kukamatana, iwe judo, jujitsu au mieleka, wanaipenda sana. Wanaitoa mwishoni mwa darasa, watu wakikunja mikanda: "Haya mambo msiyafanye nyumbani, sawa?" Nasi tunaitikia kwa pamoja kama kwaya: "Sawa mwalimu." Inasikika kama busara ya mtu mzima. Mimi nasema ni uvivu uliovishwa busara, na unawaweka watoto wetu kwenye hatari ileile ambayo unadai kuwakinga nayo.

Naandika haya kutoka Mkolani, ukishapita Nyegezi kuelekea Buhongwa, kwenye barabara ya Shinyanga. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye judo. Darasa liko mjini, mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Piga hesabu na mimi. Hizo ni saa tatu ndani ya wiki yenye saa 168. Ondoa kusalimiana, ondoa kupasha mwili, ondoa kukaa pembeni kusubiri zamu kwa sababu tuko watu ishirini na mikeka inatosha jozi nne. Muda wa kumkamata mtu kwelikweli haufiki saa moja. Na hapo sijaweka daladala inayofika Mkolani tayari imeshajaa watu wa Buhongwa.

Sasa saa 165 zilizobaki ni za nini? Mwalimu anayejibu "za kupumzika" anazungumza na mtu mwingine, mtu mwenye ukumbi karibu na kwake na ada ya kuja kila jioni. Hazungumzi na mimi.

Tuwatendee haki wanaokataza. Wana hoja mbili, na hakuna hata moja ya kipuuzi. Ya kwanza: ukirudiarudia kitu kwa makosa, kosa linaota mizizi, na kuling'oa ni kazi kuliko kufundisha upya. Ya pili: mtaumia.

Hoja ya kwanza ni kweli kabisa, ndiyo maana nashangaa mahali inapoishia. Mwalimu wa hesabu anajua fika kwamba mwanafunzi anaweza kukosea kazi ya nyumbani. Hafuti kazi ya nyumbani. Anachagua maswali ambayo mtoto anayaweza akiwa peke yake, kesho yake anasahihisha. Mwalimu wa madrasa hamwambii mtoto asifungue juzuu akiwa kwao. Na hapa kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma vizazi na vizazi. Umati ukijaa uwanjani baada ya mavuno, hakuna anayedhani wale wachezaji wamejifunzia palepale. Walijifunzia uani, na kwenye njia ya kwenda shambani. Uwanja ni wa kuonyesha tu.

Judo yenyewe haikuzaliwa kwenye jumba la kifahari. Jigoro Kano alipoanza kufundisha Tokyo mwaka 1882, alikuwa na chumba ndani ya hekalu la Eishoji, mikeka 12 na wanafunzi 9. Kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi wa wengine, alishindwa kumwangusha mwenzake mmoja mzito. Akaenda kutafuta kwenye vitabu vya mieleka ya Magharibi, akatoka na ule mtupo wa kumbeba mtu mabegani ambao leo unaitwa kata guruma. Darasa lilimpa swali. Jibu alikwenda kulitafuta nje ya darasa.

Masahiko Kimura, ambaye wengi wanamweka miongoni mwa wanajudo wakubwa kuliko wote, naye alikuwa na mti. Siku hadi siku aliuingia mti ule kwa osotogari, yaani mtupo wa kumfagia mtu mguu kwa nyuma, ambao mitaani kwetu ungeitwa mtama tu. Mti haukuanguka, lakini watu walianguka. Mwaka 1951 alimshinda Hélio Gracie pale Maracanã, Rio de Janeiro, na ule mkunjo wa bega aliomshinda nao watu wa jujitsu mpaka leo wanauita kimura.

Siwaambii watoto wa Mkolani wakang'oe miembe ya watu. Mimi nina mpira wa tyubu ya baiskeli, uleule wa kufungia mzigo kwenye keria, nimeuzungusha kwenye nguzo ya kibaraza. Nashika ncha mbili kama vile nimeshika koti la mtu. Naingia, nageuka, navuta, narudi. Mara mia moja asubuhi kabla ya chai. Hakuna anayetupwa, hakuna anayeumia, na miguu inaijua njia. Wajapani wanaita uchikomi, na wanajudo dunia nzima wanafanya. Lakini kwenye klabu yetu nilionyeshwa na mwenzangu pembeni, kwa kunong'ona, kana kwamba ananiuzia gongo.

Turudi kwenye hoja ya pili, ya kuumia. Hii ndiyo nzito, na hapa sitanii.

Japani, nchi iliyoipa dunia judo, ina kumbukumbu za kutisha. Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alizikusanya, akaonyesha kwamba kati ya mwaka 1983 na 2011 wanafunzi zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa. Wengi walikuwa bado wageni kwenye mchezo. Na mtupo unaotajwa sana ni uleule osotogari, ambao unampeleka mtu chini kwa kisogo. Mjadala ulipamba moto kwa sababu mwaka 2012 serikali ya huko ilifanya michezo ya jadi ya mapambano kuwa somo la lazima kwa watoto wa sekondari za chini.

Sasa soma tena, taratibu. Shuleni. Mikeka halali. Mwalimu yupo. Wale watoto hawakufia sebuleni kwa shangazi. Walifia mahali ambapo sisi tunaambiwa ndipo penye usalama. Kwa hiyo ukumbi peke yake haumkingi mtu. Anayetupwa kabla hajajua kuanguka yuko hatarini popote pale, iwe Nagoya au Nyamagana.

Na kuanguka ndilo somo linalofaa nyumbani kuliko yote. Halihitaji mwenzi. Halihitaji nguvu. Unaanza umelala chali, umebana kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, unapiga chini kwa mikono yote miwili, viganja vimelala, mikono haijatanuka sana. Ukizoea, unaanza ukiwa umechuchumaa. Kisha kwa ubavu, kulia na kushoto. Kusimama ni baadaye sana. Ni kazi ya maelfu ya marudio, inachosha na haina mashabiki. Darasani tunapewa dakika tano za kuanguka, halafu dakika arobaini za kutupwa. Hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu, na kwa mtu wa saa tatu kwa wiki hakuna pengine pa kuirekebisha isipokuwa kwao.

Utaniuliza: juu ya sakafu ya saruji? Hapana. Ukitamka neno mkeka hapa mtaani vijana wanadhani unazungumzia kubeti, lakini mkeka wa kuangukia unatengenezeka. Sisi tuna salfeti sita zilizojazwa maranda ya kwa fundi seremala, zikashindiliwa mpaka zikawa ngumu kiasi, zikashonwa midomo, zikapangwa zikabanana. Juu yake turubai, limevutwa likafungwa kwa kamba pande zote ili zisiachane. Pumba za mpunga nazo zinafaa, na mashine za kukoboa zinazo tele. Godoro la sponji halifai kusimamia, kwa sababu linameza mguu. Ukigeuka, mwili umeshakwenda na goti limebaki palepale. Godoro ni la kufanyia mambo ya magotini na ya mgongoni. Je, kuna mwalimu aliyewahi kuwaambia wanafunzi wake hilo? Hilo la godoro tu? Akiwa ameshakataza kila kitu, ataanzia wapi kulisema?

Hapa ndipo ninapogombana na katazo lenyewe. Mtoto wa kiume wa miaka 13 hawezi kujifunza Jumanne namna mpya ya kumwangusha mwenzake, halafu akaiweka kabatini mpaka Alhamisi. Ataijaribu. Swali ni kwa sheria ya nani. Mwalimu akinyamaza, simu inasema.

Nimemkuta mdogo wangu na wenzake watatu wameinamia kipande cha video kisichozidi nusu dakika. Mtu anajirusha kwa ubavu, miguu yake miwili inaikata miguu ya mwenzake kama mkasi, puu, chini. Muziki mzuri. Pale hakukuwa na maelezo kwamba mtupo huo, kani basami, umepigwa marufuku kwenye mashindano ya judo. Wala kwamba mwaka 1980 Sumio Endo aliutumia kwa Yasuhiro Yamashita, akamvunja mguu. Huyo Yamashita alikuwa bingwa wa Japani, na baadaye alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984. Ikiwa mguu wa Yamashita haukusalimika, wa hawa watoto wetu utasalimika kwa dawa gani?

Niliwaeleza hivyohivyo, wakaacha. Hawakuacha kwa sababu ya katazo. Waliacha kwa sababu niliwapa kingine: kukamatana wote mkiwa mmepiga magoti, na atakayemkandamiza mwenzake chali kwa sekunde 20 ameshinda, kama ilivyo kwenye mashindano. Walicheza mpaka wakaitwa kula. Mtoto ukimnyang'anya wembe, mpe muwa.

Halafu kuna jambo ambalo walimu wetu, karibu wote wanaume, hawaligusi. Jua likizama Mkolani, binti anatakiwa awe ndani. Darasa la mjini linaisha usiku umeingia, na hakuna mama atakayemwachia binti wa darasa la saba apande daladala peke yake saa hizo. Mimi mwenyewe niliingia judo nikiwa mtu mzima mwenye kipato changu, ndiyo maana hakuna aliyenizuia. Binti wa jirani hana uhuru huo. Ukisema judo ni ya ukumbini tu, umemwambia yule binti kwamba judo si yake, wala hukulazimika kutamka.

Huyo binti anakuja kwangu Jumamosi mchana. Tunafanya kuanguka, na tunafanya namna ya kutoka chini mtu akiwa amekukalia tumboni. Hayo mawili tu. Mama yake anakaa kibarazani anachambua dagaa huku anatazama. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, huyu akivunjika mkono, tutaonana mimi na wewe." Sawa kabisa. Hilo ndilo jicho ninalolitaka juu ya mazoezi ya nyumbani: la mtu aliyekaa palepale, anayejua ni nini kinafanyika. Haliwezi kuwepo ikiwa watoto wamefundishwa kwamba wakikamatana nyumbani wajifiche.

Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Tanzania ilipeleka wanamichezo 7. Mwanajudo alikuwa mmoja, Andrew Thomas Mlugu, kwenye uzito wa kilo 73. Mmoja, kutoka nchi ya mamilioni ya watu wenye viuno na mikono. Tukitaka wawe watatu, na mmoja wao awe mwanamke, hatutawapata kwa kuchuja walewale waliobahatika kukaa jirani na ukumbi.

Najua pia kwamba si walimu tu. Majirani nao wana neno lao. Mama mwenye nyumba alipovisikia vishindo mara ya kwanza, alikuja mbio mpaka mlangoni.

"Mwanangu, mnagombea nini?"

"Shikamoo mama. Hatugombani, tunajifunza kuanguka."

Akayatazama yale masalfeti, akamtazama mdogo wangu anayehema. "Marahaba. Na kuanguka nako kunafundishwa?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu mchezo huu. Lakini lina huzuni yake pia, kwa sababu lugha yetu ilishalijibu zamani. Kiswahili kina neno kwa karibu kila kitu kinachofanyika juu ya mkeka wa judo. Kupiga mweleka ni kumbwaga mtu chini kwa mkupuo. Kupiga ngwala ni kumtegea mguu akiwa anakwenda. Kupiga mtama ni kumfagia miguu. Tuna kabali, tuna roba, tuna chali na kifudifudi. Watu hawatungi maneno mengi namna hiyo kwa kitu wasichokifanya. Mjomba wangu aliyechunga ng'ombe kule Magu anasema siku ya malisho haikuisha bila wavulana kubwagana, na mkubwa mmoja alisimama kuangalia asiumie mtu.

Angalia sasa maneno hayo yamehamia wapi. Roba na kabali tunazisoma kwenye habari za wezi. Mtama unapigwa kwenye ugomvi wa kilabu cha pombe. Mchezo umeondoka, maneno yamebaki na wahuni, basi kila anayekamatana anaonekana mhuni. Nanyi wasomaji wenzangu wa vitabu hamjasalimika. Tumesoma shuleni riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa jina la Shujaa Okonkwo. Sifa ya Okonkwo inaanzia wapi? Inaanzia kwenye mieleka, siku alipomwangusha Amalinze, yule Paka ambaye mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi. Tunaandika insha kuhusu heshima ya mieleka kwenye jamii ya Waigbo, tunapata alama nzuri, halafu tunatoka nje tunawafokea watoto wanaobwagana mchangani.

Sisemi kila kitu kifanyike nyumbani. Mtu anayesema hivyo naye ni hatari. Nyumbani pawe na sheria, na sheria zangu ni chache. Shingo haiguswi. Kabali ni ya darasani, mbele ya mwalimu, kwa sababu mishipa ya damu ya shingoni ikibanwa sawasawa pande zote mbili mtu anazimia ndani ya sekunde kumi hivi, na mtoto wa miaka 13 hajui kuzihesabu akiwa anashinda. Mtupo wa kusimama unaishia kwenye kuingia: unamgeuza mwenzako, unamnyanyua kisigino, unamrudisha. Kukamatana ni kwa magoti. Kiungo hakikunjwi kwa haraka, na mwenzako akigonga mara mbili unaachia hapohapo, hata kama unadhani anadanganya. Mtu mzima awepo. Na ikiwa mwili mmoja ni mzito mno kuliko mwingine, mzito anakaa chini na mwepesi anafanya kazi ya juu.

Koti la mchezo halinunuliki kirahisi? Koti la jinsi la mtumba, la pale Mlango Mmoja, linashikika vizuri. Ng'oa vifungo na zipu kwanza, zisikwaruze watu macho.

Hizi sheria sijazizua. Zimo ndani ya mchezo wenyewe. Kano alitaka kila anayefanya judo amtunze mwenzake, kwa sababu bila mwili mzima wa mwenzako huna mchezo. Ukiwa darasani, mwalimu ndiye anayekulazimisha kuishi hivyo. Nyumbani unalazimika wewe, na mtu unayemshika kola ni ndugu yako ambaye usiku mtalala chumba kimoja. Sijaona darasa linalofundisha upole wa mkono kuliko hilo.

Kwa hiyo, mwalimu, shikamoo, na naomba tuagane na ile sentensi. Badala yake tuandikie ukurasa mmoja. Juu andika yanayofanyika nyumbani: namna tatu za kuanguka, namna mbili za kuingia kwa mpira wa tyubu, mchezo mmoja wa magotini. Katikati andika yasiyofanyika nyumbani, na kwa kila moja sababu yake, maana mtoto anayejua sababu ana kitu cha kumjibu mwenzake anayemchokoza. Chini andika mkeka unatengenezwaje. Kisha tenga dakika kumi za kila darasa la Jumanne, kila mtu aonyeshe alichofanya kwao, nawe usahihishe, kama mwalimu yeyote anavyosahihisha madaftari.

Usichapishe kwa gharama yako. Ukurasa mmoja, hata kwa kalamu. Stesheneri zipo Mkolani, kopi tutatoa wenyewe.